Injini ya Johannesburg, Mlima wa Durban

Nilimmwagia mume wangu maji kichwani, galoni nzima, ukingoni mwa barabara kuu inayopanda kutoka Durban kwenda Pinetown, asubuhi, saa ya watu kwenda kazini. Sikuteleza. Nilifungua kifuniko, nikainua galoni kwa mikono miwili, nikamwaga mpaka yakaisha. Yalikuwa maji ya rejeta, maji pekee tuliyokuwa nayo, na gari letu lilikuwa limefunguliwa boneti mbele yetu linatoa moshi mweupe.

Si moshi ulionifikisha hapo. Moshi nilikuwa nausubiri tangu mwezi uliopita. Ni kwamba binti yetu alikuwa kiti cha nyuma, na sare yake na mkoba wake mapajani, anatutazama mmoja mmoja aelewe kuna nini, na baba yake hakumgeukia hata mara moja. Alikuwa amempigia simu rafiki yake, ameweka spika, wanacheka.

"Ni gasketi ama ni pistoni?" rafiki aliuliza.

"Sijue bado, yaya," mume wangu akajibu; yaya, yaani kaka, ndivyo wanavyoitana. "Lakini namna ilivuta! Gia ya tatu, kwa mulima, ilivuta, mi nakuambia!"

"Hiyo njo moteri!"

"Njo moteri kabisa!"

Nikamwaga. Teksi iliyokuwa inapita, ndiyo daladala ya huku, ikapunguza mwendo, na mama mmoja akatoa kichwa dirishani akanipigia kelele kwa Kizulu, "Mshaye, sisi!" Yaani, dada, mpige kabisa, usiishie kwenye maji. Abiria wote wakacheka. Mume wangu akajifuta uso kwa kiganja, akatazama galoni tupu, akatazama gari.

"Sasa tutaweka nini mu rejeta?" akasema.

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye. Ni Mkongo wa Lubumbashi, mimi ni wa Tanga, tumekutana hapa hapa Durban, na Kiswahili chake na changu bado vinagombana mezani. Anapaka rangi magari kwenye karakana moja kule Jacobs. Mimi nasuka nywele saluni, katikati ya mji. Tunakaa Umbilo, chumba na sebule. Sina elimu kubwa, nimeishia kidato cha nne, lakini nimesoma fizikia ya kutosha kujua kwamba hewa ni kitu, ina uzito, na ukiibana inapata moto. Laiti wanaume wote wa pale Jacobs wangejua hivyo tu.

Gari halikuwa anasa. Nataka hilo lieleweke kwanza. Binti yetu hasikii. Alipata homa kali kabla hajaanza kutembea, homa ikaondoka na masikio yake. Alipofikisha miaka mitano tukampatia nafasi kwenye darasa dogo la watoto viziwi, linaloendeshwa na wamama wawili kwenye ukumbi wa kanisa, juu huko, mbali kupita Pinetown. Watoto wanane tu. Kabla ya darasa lile alikuwa ananivuta nguo na kulia, basi, hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake. Baada ya miezi michache akaja nyumbani akagusa kidevu chake, akafanya alama fulani na vidole, akanisubiri. Sikuelewa. Akarudia taratibu, kama mwalimu anayemfundisha mjinga. Alikuwa anasema "mama." Nilikaa chini jikoni.

Wamama wale walikuwa na sharti moja, na walilisema wazi siku ya kwanza: nafasi ni chache, watoto wanaosubiri ni wengi, mtoto asiyefika kwa wakati atampisha mwingine. Hawana basi. Kila mzazi ajue atakavyomfikisha. Sisi tulikuwa na gari. Kigari cha Kijapani cha milango mitano, cha zamani, kimeandikishwa kwa jina langu kwa sababu makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa yamehuishwa na ya mume wangu yalikuwa bado yanazungushwa. Injini yake ilikuwa ya kawaida. Ilipanda mlima ule kwa kulalamika, malori ya kontena kutoka bandarini yakitupigia honi, lakini ilipanda. Kila asubuhi. Ilikunywa petroli yoyote uliyoipa na haikuomba shukrani.

Sasa Jacobs. Wakongo wenzake mume wangu, Jumapili baada ya ibada, hawaendi baharini, hawaendi kwenye mpira. Wanaenda Jacobs, nyuma ya viwanda vilivyofungwa, wanapanga magari mstari mmoja, wanafungua maboneti. Wamevaa suti za kanisani bado, na viatu vinavyong'aa. Wanasimama mbele ya injini kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga, kila mmoja anasifu. Kisha mmoja anaingia anakanyaga mafuta, wengine wanafumba macho wanasikiliza. Wake tunakaa kwenye magari na watoto na chakula kwenye mabakuli, tunangoja. Gari letu lilikuwa halifunguliwi boneti. Mume wangu aliliegesha mbali kidogo, karibu na ukuta. Nililiona hilo na sikulitilia maanani.

Siku moja akarudi kutoka kazini anatabasamu vibaya.

"Sheri," akaniita, yaani mpenzi, "nimepata moteri."

"Tunayo injini."

"Hapana, moteri. Ya Jozi, ya Johannesburg. Imejengwa kule kwa mashindano. Kompresheni ni kumi na mbili na nusu!"

"Na yetu?"

"Yetu ni kumi." Alisema kumi kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi.

Nimejifunza maana yake baadaye, nikiwa nasuka na simu imesimamishwa kwenye kioo. Pistoni inaposhuka kwenye silinda inavuta hewa na petroli. Inapopanda inavibana kwenye nafasi ndogo juu, halafu plagi inawasha. Kumi kwa moja maana yake ujazo wa kumi umebanwa ukawa mmoja. Kumi na mbili na nusu, umebanwa zaidi. Na wanaoupenda ubanaji huu hawasemi uongo. Nataka kuwatendea haki kwa sababu wao hawakunitendea. Petroli ile ile kidogo, ikibanwa zaidi, inatoa nguvu zaidi. Gari linaitikia mguu haraka. Injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa bila kuongezewa uzito, na ukiendesha kwa utulivu inaweza hata kunywa mafuta kidogo. Kwa mtu anayeshindana Jumapili, mwenye trela la kubebea gari lake na gari lingine la kwenda kazini, sioni ubaya.

Ubaya unaanza kwa mtu mwenye gari moja. Hewa ikibanwa sana inapata joto, na petroli isiyo na ustahimilivu wa kutosha inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Huo mlipuko unaipiga pistoni kichwani. Mafundi wanasema injini inagonga. Inasikika kama kokoto ndani ya kopo. Ikigonga muda mrefu inaunguza gasketi, kile kibati kinachoziba juu ya silinda, inamega pistoni. Kwa hiyo injini ya aina hiyo inataka petroli ya bei ya juu kila mara, si ukipata tu. Inataka kompyuta ya gari ipangwe upya ili plagi iwashe kwa wakati unaofaa. Inataka rejeta safi, oili nzuri, mtu wa kuisikiliza. Haisamehi. Injini yetu ya kumi ilikuwa inasamehe, na sisi ni watu wa kusamehewa. Hatuna nafasi ya kukosea hata kidogo.

Lakini siku hiyo jikoni sikuyajua haya. Niliuliza swali moja tu.

"Itampeleka mtoto shule?"

"Ah, mama! Itamupeleka kama ndege!"

Biashara waliifanya kwa kushikana mikono, yeye na mwenye gereji aliyekuwa anaiuza injini ile. Na kwenye biashara hizi kuna desturi: injini ya zamani inabaki gereji. Ni sehemu ya mapatano, haiandikwi popote, kila mtu anaijua. Injini yangu, kwenye gari langu, ikabaki sakafuni kwa mtu nisiyemjua, na mimi nikaambiwa baadaye, kwa furaha, kama mtu anayeambiwa takataka zimeshatupwa.

Wiki ya kwanza nililifurahia, siwezi kuficha. Tulipofika kwenye mlima nikakanyaga na gari likaondoka. Likaondoka kweli! Nilipita lori, nikapita jingine, binti yangu akapiga makofi nyuma. Jumapili iliyofuata tuliegesha mstarini na boneti letu likafunguliwa, na shemeji zangu wote wa Jacobs wakaja kunipa mkono, mimi, kana kwamba nimejifungua.

Wa kwanza kugundua alikuwa binti yangu. Hasikii, lakini anasoma vitu kwa viganja. Ana mazoea ya kuweka kiganja kwenye mlango wa gari tunapoenda, ni redio yake. Asubuhi moja, mlimani, aliondoa kiganja haraka, akanigusa bega, akafanya alama ya mawe. Nikadhani anataka kunieleza habari ya shule. Akachukua mkono wangu kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, akauweka mlangoni. Gari limesimama, hakuna kitu. Akakasirika. Taa ikawaka kijani, tukaanza kupanda, na hapo nikasikia kwa masikio. Kokoto.

Nikamwambia mume wangu jioni.

"Ni sauti ya nguvu," akasema.

"Ni sauti ya kugonga."

"Nani amekuambia?"

"Simu."

"Simu iko fundi?"

"Unaweka mafuta gani?"

Alikuwa anaweka 93, petroli ya daraja la chini. Mtu wa Johannesburg aliyejenga injini alimwambia, kupitia kwa mwenye gereji, kwamba kule ilikunywa 93 miaka yote na haikuwahi kulalamika. Tukaanza kuweka 95. Kokoto zikapungua, hazikuisha. Nikamwambia arudi gereji wakalipime. Akasema Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na msiba Verulam. Akasema Jumamosi ijayo. Mimi nikaendelea kupanda mlima na mtoto nyuma, nikikanyaga kwa woga, mpaka ile asubuhi aliyoamua kuendesha yeye mwenyewe, anionyeshe kwamba tatizo ni mguu wangu.

Mengine mnayajua.

Gari lilivutwa mpaka gereji ile ile, kwa sababu ndiyo pekee iliyokubali kulipokea. Walipofungua silinda hedi nilikuwepo. Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, pistoni moja imemegeka ukingo. Mwenye gereji aliishika pistoni kwenye mwanga. Tuliongea Kiingereza, mimi na yeye, naandika kwa lugha yangu.

"Sister, hii injini ilikimbia Jozi miaka miwili. Haina kosa."

"Basi kosa liko wapi?"

"Kule juu hewa ni nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata ukibana sana, hakuna cha kubana sana. Hapa tuko baharini. Hewa nzito. Inajaa zaidi, inabanwa zaidi." Alieleza vizuri, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Hapa ilitakiwa gasketi nene zaidi, nafasi ya juu iongezeke, na kompyuta ipangwe upya."

"Ulijua hivyo ulipoifunga?"

"Kila mtu anajua hivyo."

"Mbona hukufanya?"

"Mume wako hakuomba."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Halafu," mwenye gereji akaongeza, "mngeniambia mnapanda mlima nayo kila siku. Hii si injini ya mlima na watoto."

"Durban nani hapandi mlima? Nitajie mtu mmoja!"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari jingine wakacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha risiti aliyompa mume wangu siku ya malipo, chini kabisa limeandikwa neno lile la Kiafrikana, voetstoots, yaani umenunua kama kilivyo na ukome hapo. Nikasema sawa, basi nirudishieni injini yangu ya zamani, muifunge, tuachane salama.

"Ile iliondoka siku nyingi."

"Imeenda wapi?"

"Sister, injini nzuri haikai. Zile zinatafutwa sana. Hazifi."

Hebu soma tena sentensi hiyo ya injini nzuri. Nilisimama pale gereji nikaisikia mara moja tu, na naendelea kuisikia mpaka leo nikiosha vyombo.

Tukaanza teksi. Kutoka Umbilo mpaka mjini, mjini mpaka Pinetown, Pinetown mpaka juu, kisha kutembea. Teksi haiondoki mpaka ijae, na haijali kwamba darasa linaanza saa mbili. Niliamka mapema zaidi, halafu mapema zaidi ya hapo. Saluni nikawa nafika wateja wameshakaa kwa mwenzangu. Mume wangu alijaribu kubadilishana zamu, karakana ikamwambia akibadilisha tena asirudi. Rafiki zake wa Jacobs walikuja nyumbani, wakakaa, wakanywa soda, wakajadili ni gasketi ya unene gani ingefaa. Mmoja aliniambia kwa heshima zote, "Shemeji, usijali, tukiijenga tena itakuwa kumi na tatu." Nikamwonyesha mlango. Naye alitoka kwa heshima zote.

Wamama wa darasa walivumilia. Siwalaumu, na mtu asiwalaumu. Waliniita mara mbili wakanikumbusha, mara ya tatu mmoja wao alilia yeye kabla yangu. Alisema kuna mtoto wa miaka minne amekaa nyumbani anasubiri, mama yake anawapigia wao simu kila wiki. Nilimwelewa. Mimi ndiye niliyekuwa mama huyo zamani. Binti yangu aliaga darasa lote kwa mikono, mtoto mmoja mmoja, akidhani ni Ijumaa ya kawaida.

Sasa anakaa saluni nami. Anafagia nywele, anapanga vitana kwa ukubwa. Wateja wanampenda, wanamwambia maneno kwa sauti kubwa kana kwamba sauti ndiyo inayokosekana. Nazijua alama chache, zinaisha kabla ya chakula cha mchana. Mwanzoni alikuwa ananiambia mambo marefu kwa vidole, mimi naitikia kwa kichwa nikibahatisha, na aligundua kwamba nabahatisha. Siku hizi hanielezi. Akitaka kitu ananivuta nguo.

Baba yake amejifunza alama moja tu, ya gari. Binti akimwona anaingia anaifanya, anauliza. Baba yake anajibu kwa kidole gumba juu. Nimemwambia aache, ananiambia, "Mama, nimwambie nini basi?" Kuna siku namwonea huruma, maana hakutaka ubaya. Alitaka siku moja boneti lake lifunguliwe. Siku nyingi simwonei. Gari liko uani chini ya turubai, na injini yake ya mashindano imefunguliwa vipande vipande kwenye beseni langu la kufulia.

Rafiki wa saluni aliniambia kuna ofisi inayopokea malalamiko ya wateja wa magereji. Mume wangu akasema tusiende, sisi ni wageni, makaratasi yetu wenyewe yanasuasua, mwenye gereji ana watu. Nikamwambia gari ni langu, lina jina langu. Nikaenda. Fomu ilitaka namba ya kitambulisho ya tarakimu kumi na tatu, ambayo sisi hatuna. Dada wa mapokezi akasema niandike namba ya kibali, mfumo unaweza kuikataa, na hata ukiikubali niwe na subira, wengi wanasubiri, na gereji zikikataa kujibu, eish, inakuwa ngumu. Aliniambia hayo yote kabla sijashika kalamu. Nikaandika hata hivyo. Niliandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Mimi ni mmiliki wa gari lililotajwa hapo juu. Nalalamika dhidi ya gereji iliyotajwa hapo juu.

Gereji ilitoa kwenye gari langu injini nzima iliyokuwa inafanya kazi, yenye kompresheni ya kumi kwa moja, bila saini yangu. Ilifunga injini ya mashindano ya kumi na mbili na nusu kwa moja, iliyojengwa kwa ajili ya Johannesburg. Mwenye gereji alijua kwamba kwenye usawa wa bahari inahitaji gasketi nene zaidi na kompyuta kupangwa upya. Hakufanya hayo na hakutuambia. Alikiri hivyo mbele yangu na mbele ya mume wangu. Alisema kila mtu anajua. Mimi sikujua. Kazi ya kujua ilikuwa yake.

Sikatai kwamba injini za namna hiyo zina faida. Nakataa kwamba mtu anaweza kuuza faida peke yake.

Gasketi imeungua na pistoni imemegeka. Picha nimeambatanisha. Risiti nimeambatanisha.

Mnauliza nataka nini. Nataka injini ya kawaida ya kumi kwa moja, nzima, ifungwe kwenye gari langu kwa gharama ya gereji. Siombi nguvu zaidi ya niliyokuwa nayo.

Mnauliza hasara niliyopata, na mmeacha mstari mmoja. Mtoto wangu haongei kwa mdomo. Alikuwa na darasa moja mji huu mzima lililomfundisha kuongea kwa mikono, na nafasi yake imechukuliwa na mtoto mwingine anayeistahili vilevile. Najua ofisi yenu haiwezi kuirudisha. Nimeiandika kwa sababu mmeuliza."

Nikasaini. Dada wa mapokezi akapiga muhuri, akanipa nakala, akamwita anayefuata.